Ripoti zimetoka, sasa mtoto kajifunza nini?

Siku ya kufunga shule swali ni lile lile, kawa wa ngapi? Mzazi anapokea ripoti, anaruka masomo yote, macho yanaenda moja kwa moja kule chini kwenye wastani na nafasi, halafu anamgeukia mtoto. Simlaumu hata kidogo, kwasababu hicho ndo kitu tunachompa, tumemwandikia namba basi anasoma namba. Ila leo baada ya kugawa ripoti zote nimeona lazima niandike, maana kwenye kusahihisha mitihani na kupitia madaftari nimekutana na vitu ambavyo ile karatasi haina mahali pa kuviweka, na inaniuma vikipotea hivi hivi.

Nianze na mtoto mmoja wa darasa la tatu, jina simtaji. Hesabu muhula uliopita alipata 46, muhula huu kapata 48. Ukiangalia ripoti utasema huyu kasimama palepale, na mzazi wake ndivyo alivyoona, nilimsikia akisema "mbili tu?" Sasa twende kwenye daftari lake.

Mwanzoni mwa muhula ukimpa 52 toa 27 anaandika 35. Ukimpa 63 toa 28 anaandika 45. 81 toa 46, anaandika 45 tena. Ukisahihisha harakaharaka unapiga mikasi mitatu unafungua daftari lingine, lakini ukizitazama zote tatu kwa pamoja unaona kabisa kwamba huyu mtoto habahatishi, ana sheria yake na anaifuata. Kwenye kila safu anachukua tarakimu kubwa anatoa ndogo, haijalishi ipi iko juu ipi iko chini. Kwahiyo kwenye 52 toa 27 anaona 2 na 7, anasema saba toa mbili tano, halafu tano toa mbili tatu, jibu 35. Nikakaa naye nikamwambia hebu nielezee ulivyofanya, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Mwalimu, si unatoa ndogo kwenye kubwa?" Na ukifikiria vizuri mtoto ana sababu, tangu darasa la kwanza kila alipokutana na kutoa ilikuwa hivyo, kubwa juu ndogo chini, sasa kaichukua ile ile anaitumia kila mahali.

Hili sio jambo la mtoto mmoja wala la shule moja. Mwaka 1978 kule Marekani watafiti John Seely Brown na Richard Burton walichambua makosa ya watoto kwenye hesabu za kutoa wakaonyesha kwamba makosa mengi yana mpangilio, mtoto anafuata hatua zake kwa uaminifu kabisa ila kuna hatua moja imekaa vibaya, na ukishaijua hiyo hatua unaweza kutabiri jibu lake la swali linalofuata kabla hajashika penseli. Nilijaribu. Nikampa 94 toa 58, nikasema moyoni huyu ataandika 44, na kweli akaandika 44.

Sasa mtoto wa namna hii ukimwambia "ongeza bidii" unakuwa umemwambia nini? Ataenda nyumbani atafanya maswali ishirini badala ya kumi, na yote atakosa, kwasababu bidii yake yote inaingia kwenye ile ile hatua mbovu.

Tulichofanya ni kutumia vijiti. Mafungu matano ya vijiti kumi kumi yamefungwa na raba bendi, na vijiti viwili pembeni, hiyo ndo 52. Nikamwambia nipe saba. Akanipa viwili akasimama. Akaangalia mafungu, akaniangalia mimi, akashika fungu moja bila kulifungua, akauliza "nifungue?" Nikanyamaza kidogo nione atafanyaje, akafungua mwenyewe, akavimwaga mezani akavihesabu vyote kumi kama vile hana uhakika kuwa kweli ni kumi, akaviunganisha na vile viwili, akanihesabia saba. Vikabaki vitano. Halafu akanipa mafungu mawili, yakabaki mawili. Akahesabu, 25. Akarudi kwenye daftari lake akaitazama ile 35 aliyoandika akasema, "hii ni nyingi." Hapo hakuna mtu aliyemwambia amekosa, kaona mwenyewe. Jamani mi ualimu naupendea dakika kama hizo.

Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula maswali yote ya kutoa ya tarakimu mbili kapata, yote. Alipoangukia ni kwenye zile zenye sifuri katikati, kama 304 toa 128, kwasababu pale ukienda kukopa kwenye makumi unakuta hamna kitu, inabidi uende mpaka kwenye mamia, uvunje mia moja iwe makumi kumi, ndo uvunje kumi moja iwe mamoja. Hiyo ni hatua ngumu kwa watoto wengi na sio aibu. Alama zingine kazipoteza kwenye sehemu, yaani namba kama 1/4, na kwenye mafumbo ya maneno. Kwahiyo ile 46 na ile 48 zinaonekana kama ndugu lakini anayezibeba sio mtoto yule yule, mwezi wa kwanza wa muhula alikuwa hajui kwamba kumi inavunjika, leo anajua.

Na kuhusu sehemu, hapo ni darasa zima. Kulikuwa na swali linauliza ipi ni kubwa, 1/4 au 1/8, na karibu wote wamesema 1/8. Sababu iko wazi, nane ni kubwa kuliko nne, na mtoto ambaye amekaa miaka yote na namba nzima anaona hivyo hivyo hata namba ikiwa chini ya mstari. Hapa nikiri wazi kwamba mtihani umenisaidia, kuna walimu siku hizi wanasema mitihani ifutwe kabisa, mi sikubaliani nao, maana swali moja likikoswa na karibu darasa lote hiyo ni habari kubwa sana kwa mwalimu. Shida ni pale mtihani unapoishia kuwa namba ya kumpangia mtoto nafasi halafu karatasi zinafungwa kamba zinatupwa kabatini, hakuna anayerudi kuangalia swali lipi lilimshinda nani.

Kusoma nako kuna mambo. Nina watoto wawili ambao kwenye ripoti wamepata alama zinazokaribiana kabisa kwenye lugha, ukisoma ripoti zao utadhani wanafanana. Mmoja anasoma kwa sauti kama maji yanavyotiririka, hakwami popote, ng' anajua, mbw anajua, nyw anajua. Akimaliza ukamuuliza nani alifanya nini kwenye hadithi anakutazama tu. Mwingine anasoma polepole kwa kidole, anarudia silabi, neno refu anaweza akalikata mara tatu, ila akishamaliza anakusimulia yote na anakuuliza na swali juu, "kwani yule mzee alikuwa hajui kuwa mtoto anamdanganya?" Hawa ni watoto wawili wenye mahitaji tofauti kabisa.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka hili vizuri sana mwaka 1986, walisema kusoma ni kutambua maneno yaliyoandikwa ukizidisha na kuelewa lugha. Kuzidisha, sio kujumlisha. Maana yake upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mzuri vipi. Na sisi tunaosomesha kwa Kiswahili inabidi tuwe makini zaidi hapa, kwasababu maandishi yetu yanafuata sauti kwa ukaribu sana, mtoto akishashika silabi anaweza kutamka karibu chochote utakachomwekea, mpaka gazeti la mkubwa, na watu wazima tunapiga makofi tunasema anajua kusoma. Kumbe anatamka. Mi siku hizi mtoto akimaliza kusoma aya lazima afunge kitabu anisimulie, hata kwa sentensi mbili, na hapo ndo najua.

Kwahiyo muhula huu niliamua kwenye ile sehemu ya maoni ya mwalimu nisiandike "ajitahidi zaidi" wala "ana uwezo, aongeze juhudi." Ile mistari miwili ndo nafasi pekee niliyonayo ya kusema kitu, kuijaza na maneno ambayo yangeweza kuandikwa kwa mtoto yeyote duniani ni kuipoteza. Nikaandika kitu anachoweza sasa ambacho mwanzo hakuweza, na kitu kinachofuata. Kwa yule wa vijiti niliandika: "Anatoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa bila msaada. Bado namba zenye sifuri katikati." Kwa yule msomaji wa haraka: "Anatamka maneno vizuri. Nyumbani asimulie alichosoma, kitabu kikiwa kimefungwa." Imenichukua muda mrefu kuliko kawaida, mkono uliuma na wenzangu stafu walikuwa wameshamaliza, lakini sijutii.

Mwaka 1988 Ruth Butler alifanya utafiti na watoto wa shule za msingi Israel, wengine akawapa alama tu kwenye kazi zao, wengine maoni tu, wengine alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndo walioendelea vizuri kwenye kazi iliyofuata na hamu yao haikushuka. Cha kushangaza ni wale waliopewa vyote viwili, ungetegemea wafaidike zaidi kwasababu wamepata zaidi, wapi, walikuwa karibu sawa na wale wa alama tu. Namba inameza maneno. Mtoto akishaona 48 hasomi tena kilichoandikwa pembeni, na mzazi pia. Mi ripoti siwezi kuiondolea alama, hayo sio mamlaka yangu, ila kwenye madaftari ya kila siku naweza, na kuanzia muhula ujao kazi nyingi zitarudi na maneno bila namba.

Leo lakini kuna babu wa mtoto mmoja alisoma yale maoni mpaka mwisho, kasimama pale dirishani kavaa miwani anasoma kwa sauti ya chini, halafu akaja akaniuliza, "mwalimu, hii sifuri katikati ndo nini hasa?" Nikachukua karatasi nikamwonyesha 304 toa 128, tukavunja mia, tukavunja kumi, tukafika 176. Akasema sisi tulifundishwa kukopa tu, hatukuambiwa tunakopa nini. Akakunja karatasi akaweka mfukoni akasema likizo hii watafanya wote wawili. Wazazi wengi sana wanataka kusaidia, tatizo "ajitahidi zaidi" haina pa kushika.

Likizo sasa. Kila mwaka wazazi wanagawanyika, kuna wanaosema mtoto apumzike kabisa asiguse kitabu, kuna wanaomtafutia tuisheni asubuhi mpaka jioni. Kusahau kupo, hilo halina ubishi, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima kwa kujikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana akachapisha matokeo mwaka 1885, na alichoona ni kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni halafu kasi inapungua. Kuhusu likizo ndefu, Harris Cooper na wenzake mwaka 1996 walikusanya tafiti za Marekani wakaona kwa wastani watoto hurudi nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ndo inayoumia zaidi kuliko kusoma. Baadaye watafiti wengine wamehoji ukubwa wa hilo pengo, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kufungua shule anajua wiki ya kwanza inavyokuwa.

Ninachowaambia wazazi ni hiki, usimrundikie. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka tisa anahitaji kucheza, kulala, kukaa na ndugu zake, na akicheza dukani kwa kujifanya muuzaji hapo hapo anafanya hesabu bila kuambiwa. Ila mara chache kwa wiki, dakika kumi tu, muulize kitu cha muhula uliopita bila kumpa daftari. Asifungue, akumbuke. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba waliosoma na kurudia kusoma walifanya vizuri zaidi wakiulizwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka ndo waliokuwa mbele kwa mbali. Kwa watoto wadogo nami naona hivyo hivyo, yule anayekuna kichwa kidogo kabla ya kujibu ndo anayekuja na jibu shule ikifunguliwa. Akikosa usimgombeze, mwonyeshe, halafu muulize tena baada ya siku mbili tatu.

Kuna habari zingine za muhula hazina hata somo la kuziwekea. Yule binti aliyehamia katikati ya mwaka, alikuwa akiulizwa anainamisha kichwa mpaka kwenye dawati, wiki iliyopita kanyoosha mkono bila kuulizwa kumwambia mwenzake "hapana, hukubadilisha makumi." Kwa upole tu, na alikuwa sahihi. Hiyo nimeiandika kwenye ripoti yake, mstari wa kwanza kabisa, mama yake akaisoma mara mbili.

Mpango wa kufungua nimeshaandika tayari. Siku za kwanza hakuna mada mpya, kila mtoto karatasi tupu, anaandika anachokumbuka, haihesabiwi alama. Halafu vijiti vinarudi mezani kwa ajili ya sifuri katikati, safari hii na mafungu ya mia, kwahiyo inabidi nitafute vijiti vingi na raba bendi za kutosha. Sehemu tunaanza kwa kukunja karatasi, karatasi mbili za ukubwa mmoja, moja ikunjwe vipande vinne sawa na nyingine vipande vinane sawa, wapake rangi kipande kimoja kimoja waviweke juu ya vingine wenyewe, sitawaambia kipi kikubwa. Na wale watoto wangu wawili wa kusoma nitawakalisha dawati moja, mmoja asome kwa sauti, mwenzake asimulie, halafu wabadilishane.