Dracula Ambaye Stoker Hakumwandika

Msomaji anayeifungua Dracula, riwaya ya Bram Stoker kuhusu mnyonya damu, kwa mara ya kwanza, akiwa na picha ya bwana mtanashati mwenye joho jeusi na nywele zilizopakwa mafuta, hukutana na mzee mrefu mwenye masharubu meupe, pumzi inayonuka na vinyweleo katikati ya viganja. Ajabu zaidi, mzee huyo ni kabaila mwenye ngome nzima lakini hana mtumishi hata mmoja. Jonathan Harker, wakili kijana aliyetumwa kutoka Uingereza kwenda Transylvania, eneo la milima ambalo leo liko Romania, kukamilisha ununuzi wa nyumba, anamkuta mwenyeji wake akitandika kitanda, kisha anamchungulia kwenye upenyo wa mlango na kumwona akiandaa meza ya chakula, na hapo ndipo anapong'amua kwamba hata mwendesha gari la farasi aliyemleta usiku ule alikuwa ni huyo huyo. Kwangu mimi hakuna ukurasa wa kitabu hicho unaotisha kuliko huo, ingawa hakuna tone la damu linalomwagika.

Dracula wa Bram Stoker ni mtu wa kujisomea. Maktaba yake imejaa vitabu na majarida ya Kiingereza, siku moja Harker anamkuta amejilaza kwenye kochi akisoma kitabu cha ratiba za treni, na mara kwa mara anamwomba mgeni wake amsahihishe matamshi, kwa sababu hataki mtu yeyote wa London amtambue kuwa ni mgeni punde anapofungua kinywa. Kitabu kilitoka mwaka 1897, wakati London ilikuwa makao makuu ya dola iliyozoea kwenda kwa watu bila kualikwa, na hofu aliyoichokoa Stoker ilikuwa ya safari hiyo kugeuzwa: mtu wa pembezoni anaingia mjini kwa hati halali za nyumba, akiwa na makasha 50 ya udongo wa kwao, na baadaye anaonekana mtaani Piccadilly mchana kweupe. Ndiyo, mchana. Katika riwaya jua humpunguzia nguvu tu, halimuui.

Hata hivyo, Stoker alimwacha wazi kwa namna ambayo nadhani ndiyo iliyomfanya aishi muda mrefu hivyo. Riwaya yote imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na sauti zilizorekodiwa kwenye fonografu, na karibu vyote ni vya maadui zake. Ukiondoa barua fupi ya kumkaribisha Harker na maneno anayonukuliwa akisema, yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kujieleza, na baada ya sura nne za mwanzo haonekani ila kwa kupitapita. Mhusika wa namna hiyo ni rahisi kwa kila ajaye kumjaza atakavyo.

Stoker, Mwairishi aliyezaliwa Dublin mwaka 1847, alikuwa mtu wa jukwaa. Kuanzia mwaka 1878 alisimamia shughuli za ukumbi wa Lyceum jijini London chini ya mwigizaji mashuhuri Henry Irving, na riwaya aliiandika kwa miaka kadhaa kando ya kazi hiyo. Jina la Dracula alilipata mwaka 1890, akiwa mapumzikoni katika mji wa bandari wa Whitby, ndani ya kitabu cha William Wilkinson kuhusu Wallachia na Moldavia, tawala za kale za eneo la Romania. Transylvania hakufika maishani mwake. Alifariki mwaka 1912, na mjane wake, Florence, ndiye aliyebaki na hakimiliki pamoja na vita vya kuilinda.

Vita hivyo vilianza Ujerumani. Mwaka 1922 kampuni ya Prana ilitoa Nosferatu, filamu iliyoongozwa na F. W. Murnau, bila kumlipa Florence chochote. Walibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, lakini wakataja waziwazi kwamba hadithi imetokana na riwaya ya Stoker, jambo linalonishangaza hadi leo kwa watu waliokuwa wakikwepa malipo. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala zichomwe. Baadhi zilisalimika, na pamoja nazo ikasalimika kanuni ambayo leo kila mtoto anaijua, kwamba mnyonya damu hufa akipigwa na mwanga wa jua. Kanuni hiyo haitoki kwa Stoker, inatoka katika filamu iliyohukumiwa kuteketezwa.

Joho nalo lina historia yake. Mwaka 1924 mwigizaji Hamilton Deane, kwa idhini ya Florence, aliileta hadithi jukwaani katika mji wa Derby, na kwa kuwa Dracula wake alipaswa kukaa sebuleni na Waingereza waungwana, alimvika suti ya jioni na joho. Ukosi mrefu uliosimama nyuma ya shingo ulikuwa na kazi: mwigizaji alipowapa watazamaji mgongo, ulificha kichwa chake akichomoka na kushukia mlango wa sakafuni, na joho likabaki tupu. Mwaka 1927 Bela Lugosi, mwigizaji Mhungaria, alilivaa katika toleo la Broadway, jijini New York, na filamu ya mwaka 1931 ikaisambaza sura yake duniani, ingawa humo haonyeshi chonge hata mara moja. Chonge zenye damu nyekundu ya rangi ni za mwigizaji Christopher Lee, katika filamu ya mwaka 1958. Lugosi alipofariki mwaka 1956, alizikwa na joho.

Romania nayo ilipelekewa mgeni asiyezaliwa kwake. Watalii humiminika katika ngome ya Bran wakiambiwa ni ya Dracula, ilhali hakuna ushahidi kwamba Stoker aliikusudia, na Vlad III, mtawala wa Wallachia wa karne ya 15 aliyeitwa pia Dracula na anayehusishwa nayo, hakuwahi kuifanya makazi yake. Riwaya yenyewe inaiweka ngome karibu na njia ya mlimani ya Borgo, mbali kaskazini, mahali ambapo hapakuwa na ngome yoyote, na sasa pana hoteli iliyojengwa kwa sura ya ngome ili wanaofika na kitabu mkononi wapate pa kulala.