Waya kwenye titi langu na kifimbo cha wifi

Niligundua nikianika nguo. Nimeinua mkono wa kushoto kwenye kamba, nikahisi kitu kinanivuta kutoka kwapani mpaka chini ya titi. Nikakimbilia kioo. Mkono ukiwa juu, mfereji mrefu umejichora kwenye ngozi, na ukipapasa ndani yake kuna kitu kigumu, chembamba kama waya wa breki ya baiskeli. Kinauma. Redioni wanasema ngozi ya titi ikibonyea kimbia hospitali, basi usiku ule nilishagawa vyombo vyangu vyote kimoyomoyo. Sufuria kubwa ya pilau nikampa wifi, ambaye wala hakustahili.

Wifi huyo ndiye aliyeamua kuwa ni mshipa umejikunja, unataka kukandwa. Alikuja na majani ya mnyonyo, akayababua juu ya jiko la mkaa, akanibandika. Nikavumilia. Kisha akatoa kifimbo cha kusukumia chapati! Akaanza kusukuma kutoka kwapani kushuka, "Tulia wifi, unanyooka huo," nami napiga kelele mpaka jirani akagonga mlango kuuliza nani kafariki. Asubuhi waya uko palepale, na malengelenge matatu ya kuusindikiza.

Zahanati ya kwanza walinilaza chali, mikono ubavuni, wakabonyeza: "Hamna uvimbe mama, nenda nyumbani." Vidonge vya vitamini juu. Ni kweli, nikilala hakionekani! Hapo ndipo nilipojipatia akili. Nilimwita binti yangu anipige picha nimesimama, mkono juu, ubavu ukielekea dirishani, maana mwanga wa mbele unaufuta ule mfereji. Picha ya nne ikatoka safi.

Hospitali ya pili daktari, mzee wa makamo, aliitazama picha, akaniinua mkono, akauliza, "Mama, kwenye sidiria huwa unaweka nini?" Nikatoa simu ya tochi, funguo za banda, na noti za mauzo zilizofungwa kwenye leso. Alicheka mpaka akavua miwani.

Akaniambia ni mshipa wa damu wa juujuu, umevimba na damu imeganda ndani. Unaitwa ugonjwa wa Mondor, kwa jina la Henri Mondor, mpasuaji wa Kifaransa aliyeueleza mwaka 1939. Sidiria ya kubana huuleta, kugongwa, kazi nzito za mikono, hata upasuaji wa titi. Mimi nina sidiria ya kubana na ndoo za unga kila alfajiri, sasa ningepona vipi? Ila hakuniachia hivihivi. Alisema mara chache saratani huwa nyuma yake, na mimi nimeshapita arobaini, kwa hiyo altrasaundi na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, lazima. Pesa ya mtaji wa wiki nzima ikaenda. Majibu safi, nikalia kwenye daladala.

Dawa ilikuwa vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, kitambaa cha uvuguvugu (uvuguvugu, siyo majani ya motoni), na sidiria pana. Wiki ya pili maumivu yaliisha, waya wenyewe ukayeyuka kama wiki ya sita. Pesa siku hizi nafunga kibindoni.

Wifi anawaambia watu ni mnyonyo wake ulioniponya. Juzi kaja kuazima ile sufuria. Nimempa, ila nimemwambia nataka irudi Jumapili.