Kiatu Changu Leipzig

Jana binti yangu alikuwa anatazama roboti wakicheza mpira kwenye simu, akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, hawa wataifunga Taifa Stars lini?" Jibu la kwanza lililonijia nililimeza, kwa heshima ya bendera. Nikamwambia wenyewe wamejiwekea mwaka 2050. Akaguna, akaendelea na simu yake. Mimi mawazo yangu yakabaki Leipzig, Ujerumani.

RoboCup ya 2016, mashindano ya mpira ya roboti. Mashindano haya yalianza Nagoya, Japani, mwaka 1997, na tangu hapo watafiti wa roboti hukutana karibu kila mwaka wakiwa na nia ile ile: kufikia katikati ya karne hii, timu ya roboti iwafunge mabingwa wa dunia, binadamu, kwa sheria za FIFA. Wanaosema hivyo ni maprofesa wenye mvi, na hawacheki.

Ligi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Nao, aina ya roboti wa miguu miwili wasiofika hata sentimeta 60. Timu zote zilikuwa zinatumia roboti wa aina hiyo moja. Zilichopishana ni programu tu. Mechi ikianza, hakuna wa kushika rimoti. Roboti aone mwenyewe, aamue mwenyewe, na akianguka ainuke mwenyewe. Marefa hutoka kwenye timu zenyewe, na mimi, ambaye hata ndondo nilikuwa mtazamaji tu, nikajikuta refa msaidizi. Kazi yenyewe ni kuokota roboti waliofanya faulo na kuwasimamisha pembeni mpaka adhabu yao iishe.

Mwaka ule walibadilishiwa mpira. Wa zamani ulikuwa wa rangi ya chungwa, kwenye zulia la kijani hata kamera mbovu ingeuona. Sasa ukaja mweusi na mweupe. Na mistari ya uwanja ni myeupe, milingoti ya goli myeupe, roboti wenyewe weupe.

Basi Jumamosi mchana, Julai 2, mshambuliaji mmoja akabaki na kipa. Kipa akaanguka kifudifudi. Goli wazi, mpira uko hatua chache mbele yake. Watoto wa shule waliojaa pembeni wakaanza kupiga kelele apige. Roboti akasimama. Akageuza kichwa kushoto, taratibu, kisha kulia, kama mtu anayetafuta daladala yake stendi. Halafu akageuka mwili mzima, kwa vile vihatua vyao vya kuburuza, akauacha mpira, akaanza kuja upande wangu.

Nilikuwa nimevaa raba nyeusi zenye kamba nyeupe.

Kuielewa hali yangu kulinichukua muda. Nikiondoa mguu nimeingilia mchezo. Nikiuacha pia nimeingilia mchezo. Nikamtazama refa mkuu, naye anatazama kiatu. Roboti akafika. Akainamisha kichwa, akakiangalia kile kiatu kwa makini ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na mtu yeyote, akasogea nusu hatua kushoto kuweka mguu sawa, akatulia. Ukumbi ukatulia naye. Akapiga. Tik. Kisha akarudi nyuma, akaangalia mbele kuona "mpira" umefika wapi. Ng'ambo ya uwanja, msichana aliyeandika programu yake alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akawa anawanyamazisha huku na yeye anacheka.

Usiku tukabanana kwenye baa kuangalia robo fainali ya Euro, Ujerumani na Italia, kule Bordeaux. Wakatoka sare ya 1-1, wakaenda penalti. Simone Zaza wa Italia alikuwa ameingizwa dakika za mwisho kabisa kwa ajili ya hiyo penalti tu. Akaanza kuufuata mpira kwa vihatua vidogo vidogo vya haraka, magoti juu, kama Nao kabisa. Meza yetu nzima ikapiga ukelele kabla hajaugusa. Akaupaisha juu. Ujerumani ikapita, 6 kwa 5.

Kila mtu alicheka isipokuwa yule msichana. Alisema wa kwake alikuwa hajui mpira uko wapi, lakini huyu alijua kila kitu, sasa shida ilikuwa nini? Hatukuwa na jibu, na sidhani kama ninalo hata leo. Labda siku roboti watakapojua kila kitu ndipo nao watakapoanza kukosa penalti. Au labda nasema hivi kujifariji.

Aliondoka kabla baa haijafungwa. Asubuhi tukakutana kwenye tramu namba 16 ya kwenda uwanja wa maonesho, macho mekundu, kompyuta mapajani, akaniomba kiatu changu cha kulia. Alitaka kukipiga picha kwa kamera ya roboti, pande zote, ili programu ijifunze kwamba ule si mpira.

Nikampa. Picha zilikuwa nyingi, na mechi ya kwanza nikaisimamia kwa raba moja na kandambili moja.