Koki ya sinki inacheza na spana haizunguki

Koki ya sinki la bafuni ikianza kucheza, watu wengi huishika na kuizungusha kwa juu mpaka ikae sawa. Hapo hujakaza chochote. Kinachoishikilia kiko chini: nati moja au mbili, washa ya chuma na mpira. Ukizidi kuizungusha unasokota fleksibo (bomba laini linaloleta maji kwenye koki), na fleksibo iliyosokotwa huanza kuvujia pale inapoingia kwenye koki.

Nati hulegea kwa sababu mpira umesinyaa au umekuwa mgumu, na mkono wa koki unavutwa huku na huku kila siku. Maji yanayopenya chini ya kitako huozesha nati ya chuma, kwa hiyo usingoje.

Shida kubwa ni nafasi. Nyumba nyingi za kupanga hapa Arusha, sinki limebanwa konani, mguu wake umeziba mbele, na nyuma panapenya vidole tu. Usianze kwa kung'oa mguu. Angalia kwanza kama sinki limefungwa ukutani kwa boliti. Kama limeukalia mguu tu, ukiutoa litakuangukia.

Funga ango valvu zote mbili (vikoki vidogo vya ukutani chini ya sinki). Kama hazifungi, funga geti valvu ya tangi, yaani koki kuu ya bomba linaloshuka kutoka tangini. Mgao usikudanganye: bomba la mtaani likiwa kavu, tangi la juu bado linashusha maji. Fungua koki yaishe, weka ndoo chini, vaa miwani (kutu itakudondokea usoni) na tochi ya kichwani.

Koki ya tundu moja kwa kawaida hushikwa na boliti ndefu nyembamba. Boliti ya milimita 6 huchukua spana namba 10, ya milimita 8 namba 13. Tafuta spana boksi ndefu, ile ya bomba lenye tundu la kupitishia bisibisi, kwa sababu inameza boliti nzima na unaizungushia chini ambako mkono una nafasi. Maduka ya vifaa vya ujenzi ni pa kuanzia. Kama nati ni ile kubwa ya plastiki yenye masikio, fungua kwanza fleksibo, chukua kipande cha bomba la PVC kinachoweza kumeza shina la koki, kata mapengo mdomoni yaingie kwenye masikio, toboa upande wa pili na upitishe bisibisi. Kinafanya kazi vizuri kuliko praizi, ambayo huvunja masikio.

Kabla ya kukaza, legeza nati ushushe washa uone mpira. Ukiwa umepasuka, badilisha. Silikoni haichukui nafasi yake. Sukuma koki ikae katikati ya tundu, mwenzako aishike kwa juu ikiwa imeelekea mbele. Washa ya umbo la kwato ikae bapa na isibane fleksibo. Kaza kwa vidole mpaka iguse, kisha spana robo mpaka nusu mzunguko. Boliti zikiwa mbili, kaza kwa zamu. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapasua masinki: kauri haitoi onyo, inalia mara moja na ufa umeshatembea. Koki ikiacha kucheza, acha. Ukitaka uhakika, ongeza nati ya pili chini ya ile ya kwanza.

Nati iliyoshika kutu ipulizie mafuta ya kulegeza, ikae robo saa au usiku kucha. Ikiwa imelika pembe, funga kitambaa kwenye ncha moja ya wembe wa msumeno wa chuma, uikate nati taratibu, halafu weka nati ya shaba.

Kama ulifungua fleksibo, upande wa ango valvu una mpira ndani na hauhitaji tepu ya thredi. Ukiizungushia, mpira haukai. Upande wa koki una o-ringi (kipete cha mpira), kaza kwa mkono kisha kidogo tu kwa spana. Fungua maji polepole, pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu ya chooni, kisha rudia baada ya saa moja, maana tone dogo halionekani kwa macho ila karatasi inalishika.