Uzi wa Rangi Ileile

"Kazi ni safi, fundi. Na hapo ndipo penye shida."

Leo ni siku ya sita tangu Mzee, mwalimu wetu wa kupanda miamba, aniambie hivyo, na maneno yenyewe hayajatulia. Nikipiga pasi nayasikia. Juzi usiku niliamka kunywa maji, nikajikuta nimesimama jikoni gizani, namjibu kwa sauti jibu ambalo ningempa Jumamosi pale pale kama ulimi haungekuwa mzito.

Mliosoma andiko langu la Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya kinachofikika kwa miguu, mnajua nilivyorudi kutoka mlimani. Wenzangu walipiga picha kwenye kibao, mita 4,985, pale pale alipopandisha bendera Kisoi Munyao wakati wa uhuru, Desemba 1963. Mimi nilikuwa nimegeuka upande wa pili nikitazama Nelion, na Batian nyuma yake. Batian, kilele cha juu kabisa, ni mita 5,199. Tofauti ni mita 214, kitambaa ambacho mimi hukipima na kukikata kwa wiki chache. Ila hakuna njia ya miguu. Kufika huko ni mwamba na kamba tu. Mama aliponiuliza, "Na watoto?" nikamwambia watoto wapo, wanakula, wanasoma, na mimi nitajifunza kamba.

Basi kila Jumamosi ninapopata nauli naamka saa kumi, nashika matatu ya Naivasha, kisha bodaboda hadi Lango la Elsa. Ukishaingia hifadhi ya Hell's Gate huwezi kuukosa mnara wa Fischer: mwamba wa volkano uliosimama peke yake kwenye uwanda, urefu wake mita 25 hivi. Jina ni la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita huko mwaka 1883, lakini mimi huufikiria kwa hadithi ya Wamaasai. Wanasema ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akaambiwa asitazame nyuma, akatazama, akawa jiwe. Pimbi wamejaa miguuni pake, wanakuchungulia unapojifunga kamba.

Vifaa ninavyotumia vingi ni vya kuazima: kofia ngumu, viatu vya mpira vinavyobana vidole, karabina, yaani zile pete za kufunguka za kuunganishia kamba. Hanesi ndiyo niliyotaka iwe yangu. Kwa ambaye hajaiona, ni mshipi mpana wa kiunoni wenye vitanzi viwili vya mapajani, na kamba hufungwa kwa mbele. Mwili wako wote unategemea hapo. Mpya niliulizia, bei yake ni kodi ya kibanda changu ya miezi miwili. Halafu mwezi jana nikaikuta sokoni Gikomba ndani ya beli la mikoba, shilingi mia tisa. Yule kijana aliyeniuzia hakujua ni kitu gani, alidhani ni ya kufungia mbwa.

Ilikuwa imechanika kidogo upande wa kushoto, karibu na kifungio cha mshipi, pana kama ukucha wa kidole gumba. Nikaishona. Nataka nieleze nilivyoishona, maana humo ndimo lilimo donge langu. Nilichoma manyoya ya nailoni kwa mshumaa, taratibu, yakalala. Nikazunguka maduka matatu kutafuta uzi wa rangi ileile, ile samawati iliyopauka kuelekea kijivu, nikaupata duka la tatu. Nikapitisha cherehani kwenda na kurudi, mishono ya karibu kabisa, kisha nikamalizia kwa mkono upande wa ndani. Ukipitisha kidole husikii kitu. Nilimpa binti yangu atafute palipochanika, akaigeuzageuza chini ya taa, akashindwa.

Watu hutoka Buruburu kuniletea suti zilizochomwa na sigara, na mitandio ya harusi iliyonaswa na msumari. Kazi yangu ni hiyo, nguo iondoke mikononi mwangu kama haijawahi kuchanika. Miaka kumi na minne nafanya hivyo, na sijawahi kurudishiwa.

Sasa Jumamosi. Mzee hukagua hanesi ya kila mtu kabla ya mtu yeyote kugusa mwamba. Alibeba mizigo ya watu Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru tangu ujana wake, kisha akajifunza kamba, na sasa anatufundisha sisi. Hakagui kwa macho. Hupitisha vidole kama mtu anayehesabu shanga, huku anatazama mbali. Alipitisha kwenye yangu, akaenda kwa wengine. Watu watatu mbele akasimama, akarudi.

"Hebu nione tena hiyo."

Akaugeuza mshipi ndani nje, akauelekeza juani.

"Nani amekushonea hapa?"

"Nimeshona mwenyewe, Mzee."

"Wewe ni fundi?"

"Ni fundi wa nguo."

Akanyamaza. Akapitisha kidole gumba tena, mara mbili. "Kazi ni safi, fundi. Na hapo ndipo penye shida." Kisha akatoa kisu kidogo mfukoni. "Unaniruhusu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo narudi kila mara. Sikuwa nimeelewa ninaombwa nini, lakini niliitikia, kwa sababu mtu mzima ameuliza kwa adabu na vijana wa chuo wote wametugeukia. Akaukata. Mshipi mzima, mara moja, katikati ya kazi yangu. Sauti yake naijua vizuri, nailoni nzito hulia hivyo inapokatwa, lakini sijawahi kuisikia kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Akanipa vipande vyote viwili. "Nenda navyo nyumbani. Usimpe mtu, usimuuzie mtu."

Akanivalisha hanesi yake mwenyewe, akanikaza, akahesabu fundo langu lenye umbo la nane, mistari miwili miwili mara tano, akashika kamba. Nikapanda, nikafika juu kwa mara ya kwanza bila kuning'inia hata mara moja, na sikumbuki nilishika wapi.

Njiani kurudi nilikuwa nauliza swali moja tu. Alisema "fundi" kwa heshima, au alisema vile mtu anavyomwambia mtoto "daktari" anapocheza na bomba la sindano? Nililigeuza kila upande. Jumatatu tukapewa notisi ya kuhamisha vibanda ndani ya siku thelathini, Jumanne ukoo wa mchumba wa mdogo wangu ukaja na posa na nikapika chapati za watu ishirini, na katikati ya vyote hivyo mimi nilikuwa bado naitafuta sauti yake, ilipanda au ilishuka aliposema lile neno. Niliandaa jibu. Kwamba mimi najua nailoni kuliko yeye. Kwamba mkanda wa begi nilioushona mimi umebeba viazi kutoka soko la Wakulima kwa miaka minane.

Jumatano usiku watoto walipolala nikavitoa vile vipande. Nilitaka kujionea kwamba mshono wangu ulikuwa imara. Nikachukua wembe nikaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, kama ninavyofumua kola ya mteja.

Uzi ulikuwa imara. Wangu haukukatika hata mmoja. Ni utepe wenyewe uliokuwa unaachia. Nilipofika chini, nyuzi za ule utepe zilikuwa ngumu na kavu, nikaziinua kwa ukucha zikakatika, bila nguvu, kama majani ya paa la zamani. Jua lilikuwa limekwisha kuzila. Na pale mshumaa wangu ulipopita palikuwa na ukoko, nao ukapasuka nilipoukunja. Halafu nikaunyanyua utepe kwenye taa ya cherehani, nikaona mwanga ukipenya. Matundu ya sindano yangu, safu kwa safu, yamekaribiana kabisa. Mimi mwenyewe huwakanya wanagenzi kila siku: ngozi na mkanda mzito usivishone kwa mishono ya karibu, utavitoboa vikatike kwenye mstari kama stempu. Najua hilo kuliko ninavyojua jina langu. Nililisahau kwa sababu nilikuwa natafuta uzuri.

Nikakaa pale muda mrefu. Hanesi inapotoka kiwandani hupimwa ivumilie nguvu ya kilonyutoni 15, kama uzito wa tani moja na nusu. Ile yangu sijui ingebeba nini, na mimi nina kilo sabini na mbili na watoto watatu.

Kisha nikakumbuka kile kitanzi cha mbele, kile ambacho karabina hupita. Kilibaki kizima, Mzee hakukigusa. Nikakisogeza karibu na taa. Utepe mweusi, na juu yake mishono mifupi ya kwenda na kurudi, ile ile tunayopiga kwenye ncha za mifuko ya jinzi na vishikilia mkanda. Lakini uzi ni mweupe. Siku niliponunua nilidhani ni urembo. Si urembo. Wameweka rangi nyingine makusudi ili uzi mmoja ukikatika ukuite kutoka mbali. Aliyeishona ni fundi kama mimi, na yeye alikaa kwenye cherehani yake akifikiria jinsi kazi yake itakavyoonekana ikiharibika. Miaka kumi na minne, mimi sijawahi kukaa hivyo.

Mzee alishatusimulia habari za Todd Skinner, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wapanda miamba hodari kabisa, aliyefariki Yosemite mwaka 2006 kitanzi chake cha mbele kilipokatika. Kilikuwa kimechakaa, na uchakavu ulionekana. Mwenzake aliuona. Jumatano usiku hilo la kuonekana ndilo lililonishika. Yule alikuwa na nafasi ya kuona. Mimi hiyo nafasi niliishona ikafungika, nikampa mwanangu aitafute, akaikosa, tukafurahi.

Sasa nikiyasikia yale maneno hayachomi mahali pale pale. Nadhani alimaanisha "fundi" kweli. Vidole vyake vilipita pale mara ya kwanza vikadanganyika, vidole vya mtu aliyeshika kamba miaka thelathini, na naamini alipokata alikuwa na hofu kuliko mimi. Laiti ningeshona vibaya angeiona papo hapo, ningekasirika kidogo, basi.

Nimeining'iniza mbele ya cherehani, kipande chenye matundu. Wateja wawili wameuliza. Nawaonyesha kwenye mwanga.

Alhamisi nilimwandikia Mzee ujumbe: nimefumua, nimeona. Akajibu leo asubuhi kwamba nije Jumamosi mapema kabla ya wengine, ana hanesi sita za zamani anataka nizitazame mishono, na nije na miwani yangu ya kazini. Nimeisoma mara nyingi. Nitakwenda na taa pia, ile ndogo ya klipu, na daftari, maana kila hanesi ina lebo ya mwaka iliyotengenezwa, na watengenezaji wengi wanasema nailoni ikifika miaka kumi iachwe hata kama haijawahi kutumika. Nitaanza na hizo lebo. Hela za hanesi mpya nitaweka kando kidogo kidogo, notisi au hakuna notisi. Batian inaweza kusubiri.

Niliandika haya yote nikiwa na simu mkononi, kwa kweli. Kaka yangu alinipigia akiwa Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, akisema lori limeshapita forodha, anavuka Nimule na kesho yake atakuwa Juba. Hiyo ilikuwa Jumanne usiku, baada ya wageni wa posa kuondoka. Tangu hapo simu yake imezimwa. Barabara ile mnaijua, na yeye hupotea hewani siku moja, siku mbili, kisha anapiga akicheka. Desturi yangu ni kungoja siku ya tatu ndipo nimwambie Mama. Siku ya tatu ni leo, na Mama ameniuliza mara mbili kama chaja yake aliisahau hapa.