Siku moja Tanga: kumtambua samaki-chura

Saa 12 asubuhi, Deep Sea, panaposhushwa samaki. Mashua za usiku zinashusha. Samaki-chura hana mnunuzi, hubaki chini ya tenga pamoja na vijikaa na mwani, kwa hiyo tunamwomba mvuvi kabla hajamwaga. Picha hupigwa papo hapo, samaki akiwa majini, ubavu wa kushoto. Tunachokitaka ni chambo: mwiba wa kwanza wa mgongoni umegeuka ufito wa kuvulia, na kinyama cha nchani hunyauka haraka.

Saa 2. Nyama kiasi cha punje ya mahindi hukatwa ubavu wa kulia, ikatiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95. Lazima itangulie formalini, dawa ya kuhifadhi ambayo huharibu vinasaba. Halafu mapezi hutanuliwa kwa pini na kupakwa formalini kwa brashi mpaka yakakamae. Ukiruka hapo yatajikunja, na kuhesabu vijiti vyake kutakuwa kubahatisha.

Saa 4, hadubini. Kazi yenyewe ni hii. Rangi haiaminiki kabisa: samaki yuleyule hubadilika ndani ya wiki chache, ndiyo maana zamani spishi moja ilirundikiwa majina. Tunahesabu vijiti vya mapezi, yaani miiba myembamba inayoshikilia ngozi ya pezi. Antennarius commerson kwa kawaida ana 13 mgongoni na 11 kwenye pezi la ubavuni. Antennarius pictus ana 12 na 10. Wote huja wa njano, wekundu, hata weusi tii. Ngozi ni nene na imelegea, inaficha vijiti. Basi mwanga utoke chini, ngozi ichanwe kidogo kwa wembe, na kila mtu ahesabu peke yake kabla ya kutaja namba.

Saa 8 mchana, walio rahisi. Antennarius striatus ana chambo kama minyoo iliyoshikana. Histrio histrio, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1758, huishi kwenye mwani unaoelea, na ngozi yake ni laini. Ya Antennarius hukwaruza kama msasa.

Saa 10, lebo, kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Mwaka wa utambuzi uandikwe. Yule mdogo ambaye mapezi yake ya mgongoni na mkunduni yanagota shina la mkia, coccineus, zamani aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi) ya Antennarius. Mwaka 2012 wataalamu wa samaki Rachel Arnold na Theodore Pietsch wakamhamishia Antennatus. Sasa ni Abantennarius. Lebo ya zamani haitolewi chupani. Mpya huwekwa kando yake.