Siku moja na tuktuk yangu Kisumu

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Tuktuk yangu hulala chini ya dirisha hapa Nyalenda, imefungwa mnyororo kama mbuzi wa sikukuu. Naamka, nafuta viti, napima oili, nabonyeza matairi kwa kidole. Leo nina wageni wa siku nzima, nyanya mmoja kutoka Mombasa na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili hivi. Jana kwenye simu alitaka tuanze saa tatu, wakishakunywa chai. Nikamwambia hapana, mama, chai tutainywa huko huko.

Anayeanza kuzunguka Kisumu saa tatu anaona nusu ya mji. Mji huu unakwenda na upepo. Usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na maji hutulia. Ikifika alasiri unageuka, unatoka ziwani ukisukuma mawimbi na magugumaji hadi ufuoni. Kwa hiyo boti ni ya asubuhi, machweo ni ya Hippo Point kule ufuoni, na katikati hapo mtafute paa mjifiche jua.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nawakuta wamesimama nje ya gesti.

"Shikamoo, mama." Huku kwetu hatuamkiani hivyo, nimefunzwa na abiria wa pwani.

"Marahaba, mwanangu. Nimepanda ndege nije kupanda tuktuk? Si Mombasa ninazo mlangoni?"

Nikajua siku itakuwa nzuri.

Saa kumi na mbili na robo, Dunga. Jua bado halijatoka, mashua ndizo zinaingia. Wanawake wamesimama hadi magotini majini na beseni zao, maana anayesubiri mchangani hupata masalio. Ngege, yaani tilapia, wanahesabiwa, mbuta au sangara wanapimwa kwa mizani, na omena, dagaa wa huku, inamwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa chini. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu bei hupanda. Mvulana akauliza mbona mbuta ni mkubwa kuliko samaki wote. Mvuvi mmoja akamjibu kwamba huyo ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenyeji. Fulu, samaki wadogo wa zamani, karibu waishe.

Hapo ndipo mama alipofanya kosa la siku. Akaona omena, akataka gorogoro mbili, mikebe miwili ya kupimia. Nikamsihi tununue jioni. Hii ya jana haijakauka sawasawa, ya leo ndiyo kwanza inaanikwa.

"Mwanangu, mimi nimekula dagaa kabla hujazaliwa."

Nikanyamaza. Mfuko ukaingia nyuma ya kiti.

Kuhusu boti, patana bei ya boti nzima kabla hujaweka mguu ndani, na usikubali kuondoka bila jaketi la kuokolea, hata ukiambiwa maji ni shwari. Tukapita kando ya mafunjo, mwenye boti akazima injini. Kimya. Kisha akatuonyesha ndege anayewaleta watu hapa na darubini kutoka mbali: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano. Makao yake ni mafunjo, na mafunjo yakikatwa yote hana pa kwenda. Kiboko naye tulimwona masikio mawili na pua tu, na mwenye boti hakutaka kumsogelea. Mimi pia sikutaka.

Saa tatu kasorobo, chai na mandazi pale pale ufuoni. Mama akasema mandazi hayana iliki. Kweli, hayana.

Saa tatu na nusu, Impala Sanctuary, hifadhi ya wanyama. Ni mwendo mfupi kutoka Dunga, ndiyo maana nazifunga pamoja. Wengi hukwama langoni kwa sababu wamebeba noti, ilhali malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hupitia eCitizen, mtandao wa serikali. Mjukuu alilipa kwa simu huku nyanya akikunja uso kama anaibiwa. Ndani, swala pala wanatembea huru kati ya miti, na kuna nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye matope. Simba na chui wako vizimbani. Wageni wengi hukimbilia hao kwanza. Mimi, ukiniuliza, ningekaa na nzohe.

Tuliporudi kwenye tuktuk, tumbili watatu walikuwa wamekwisha kufungua mfuko. Mmoja ameketi kwenye usukani, omena mkononi, ananitazama kama mimi ndiye abiria. Tukawafukuza, tukaokoa kama gorogoro moja na nusu, na nyingine ikabaki imekanyagwa kwenye zulia.

Saa tano na nusu, makumbusho. Ile ya Kisumu ilifunguliwa 1980, na iko kwenye barabara ya kwenda Kericho. Kuna nyoka, mamba na samaki wa ziwani, lakini mimi huwapeleka wageni moja kwa moja Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa jinsi lilivyokuwa. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Simba, kibanda cha kijana wa kiume, iko karibu na lango ili aingie na kutoka bila kupita mbele ya wazazi. Mama alisimama mlangoni kwa mikayi kitambo.

"Kwa hiyo huyu anamwona kila anayeingia."

"Kila anayeingia, mama."

"Vizuri."

Nikachukua nafasi hiyo kuwaeleza Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana njia ya Bondo, kama kilomita 29 kutoka mjini. Jina lake maana yake jiwe la mke wa kwanza. Wanasimulia mzee aliyekwenda huko kila siku, na mkewe akiulizwa yuko wapi, hujibu, ameenda kwa mikayi wake. Siendi huko na tuktuk. Ningepata pesa nzuri, ndiyo, lakini malori ya barabara ile yangetupuliza mtaroni. Panda matatu ya Bondo au Usenge, mwambie kondakta akushushe hapo. Iwe siku yake peke yake.

Saa saba, chakula. Ngege mzima, aliyechanjwa mbavuni, akakaangwa kisha akaungwa nyanya, na ugali. Unamchagua mbichi, bei inafuata ukubwa, kwa hiyo uliza kabla hajaingia mafutani. Kula kwa mkono, anza na mashavu. Mama aliuliza nazi iko wapi. Mhudumu akafikiri anataniwa.

Saa tisa, mvua. Ya ziwani haibishi hodi. Tulikuwa tumepita mnara wa saa wa 1938 kwenye barabara ya Jaramogi Oginga Odinga, nikabana klachi, ikalegea kama uji. Kebo imekatika. Nabeba ya akiba chini ya kiti kila siku, lakini kuitoa ilibidi niusogeze mfuko wa omena, ambao sasa ulikuwa umelowa. Nusu saa nimelala kwenye maji, mjukuu ananishikia tochi ya simu, nyanya anatoa maagizo kutoka kiti cha nyuma. Soko la Kibuye tukaliacha. Hata hivyo soko lile linashiba Jumapili, na leo ni Jumamosi.

Saa kumi na mbili jioni, Hippo Point. Usije hapa kutafuta viboko kwa sababu ya jina. Njoo kwa sababu Kisumu inatazama magharibi na jua linazama majini. Mvua ilikuwa imesafisha anga. Pale tulipopita asubuhi kwenye maji matupu, magugumaji yalikuwa yamejaa, zulia la kijani kutoka ufuoni hadi mbali, na mashua moja ikijitahidi kulipasua.

"Yametoka wapi haya yote?" mvulana akauliza.

"Yameletwa na upepo. Kesho asubuhi huenda usiyakute."

Saa mbili usiku. Nimewarudisha, nimemtumia mwenye tuktuk pesa yake, maana mimi ni dereva tu. Mama alinilipa bila kubishana, akaniongeza kidogo ya kebo, kisha akaniachia omena. "Wape watoto, mwanangu. Mimi ndege haitanikubalia."

Saa tatu. Nimeosha zulia kwa sabuni mara mbili, mara ya pili nikatia ndimu. Mama watoto amekataa mfuko usiingie ndani. Nafunga mnyororo, na paka wa Nyalenda nzima, sijui nani aliwaambia, wamekwisha kuketi kuizunguka tuktuk.